Dawa, Sumu na Mwembe wa Muze

Barabara itokayo Sumbawanga kwa njia ya Ntendo hufika mahali ambapo nchi yakatika ghafula. Nyuma ya msafiri yabaki nchi ya juu ya Ufipa, yenye baridi na upepo, iliyo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbele yake lashuka genge la Lyamba lya Mfipa, na chini, karibu mita 1,000 kutoka pale aliposimama, latandaa bonde la Rukwa. Muze iko huko chini, miguuni pa mlima. Aliyeondoka Sumbawanga asubuhi amevaa koti hulivua njiani, na afikapo Muze hutafuta kivuli. Na kivuli hicho, mara nyingi, ni cha mwembe.

Mwembe katika nchi ya joto si pambo. Ni baraza la wazee, ni uwanja wa michezo ya watoto, tena ni akiba ya chakula katika miezi ambayo mahindi ya ghalani yamekaribia kwisha na ya shambani hayajakomaa. Kwa hiyo maembe yaanzapo kuanguka kabla ya wakati wake, yakiwa na doa dogo kwa nje na mabuu kwa ndani, hasara hiyo si ya macho tu. Na ichukuliwe nyumba moja kwa mfano, isiyo na jina kwa kuwa yafanana na nyingi. Uani pana mwembe. Karibu na bafu, panapomwagika maji, pana mpapai. Barazani pamepangwa mikebe iliyokuwa ya mafuta na sasa ina maua. Msimu mmoja maembe yaoza mtini, chini ya majani ya mpapai paonekana utando mweupe kama unga, na majani ya maua yajikunja. Mwanamke mwenye nyumba ampa mtoto fedha aende dukani akanunue dawa ya wadudu. Mwenye duka haulizi ni wadudu gani wala ni mti gani. Apima kidogo kutoka katika chupa kubwa, atia katika chupa tupu ya soda, na mtoto arudi nyumbani akiichezesha mkononi.

Hapo huzaliwa swali ambalo kwa sura ni la bustani na kwa undani ni la maadili: mtu ana haki ya kuua nini, kwa kitu gani, na nani atakayebaki na masalio ya kile alichoulia? Wengi huliona kuwa ni swali la fedha na nguvu tu, yaani ipi ni rahisi na ipi ni kali. Lakini ukali peke yake haujawa sifa njema ya kitu chochote, isipokuwa wembe na pilipili.

Kabla ya kumlaumu mwenye duka au mwenye mwembe, yafaa lugha yenyewe isimamishwe barazani ijibu. Neno dawa limetoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu kiponyacho, na kazi hiyo laifanya mpaka leo katika dawa ya homa na dawa ya kikohozi. Baadaye likapewa kazi ya pili bila kuacha ya kwanza: dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya kunguni, dawa ya mende. Sarufi haikuweka alama yoyote ya kutenga kazi hizi mbili. Dawa ya homa humwondolea mgonjwa homa; dawa ya panya haijamponya panya hata mmoja. Mkulima husema kwamba ameipa miche yake dawa, kama vile mama asemavyo juu ya mtoto wake, na moyo wake hutulia kama ule wa mama. Kumbe mche haukunywa dawa. Mdudu amekunywa sumu, na mche umepakwa sumu hiyo, nao utaliwa.

Utulivu huo wa moyo una gharama. Mtu aliyeshika dawa hana haraka ya kunawa. Haogopi kuiweka chini ya kitanda karibu na watoto, maana dawa huwekwa ndani. Akiona haikufanya kazi huongeza kipimo, kama mgonjwa asiye na subira amezavyo vidonge viwili badala ya kimoja. Chupa ikiisha huisuuza, akatia mafuta ya kupikia. Hakuna ujinga wa pekee katika matendo haya. Yote yafuata kwa haki kabisa kutoka katika neno alilopewa. Wataalamu walilitambua tatizo hili wakatunga neno kiuatilifu, yaani kitu kiuacho viumbe vitilifuvyo mazao. Ni neno zuri, lakini ni la ofisi na semina. Ni nadra mtu kwenda dukani akaliomba. Neno sumu lingefaa zaidi. Lina sifa moja ambayo dawa haina: humfanya asikiaye arudi nyuma hatua moja kabla ya kusogea, na hatua hiyo moja ndiyo nafasi ya kufikiri. Ni kweli kwamba mwenye duka akiandika SUMU juu ya rafu yake atapoteza wanunuzi. Pengine watabaki wale tu wajuao wanachokitaka, na hilo si baya.

Neno la pili ni mdudu. Nalo ni nyumba yenye wapangaji wengi wasiojuana. Nyuki ni mdudu, siafu ni mdudu, buibui huhesabiwa mdudu, funza ni mdudu, na hata vijidudu vya malaria visivyoonekana kwa macho huitwa wadudu. Anayeomba dawa ya wadudu ameomba, bila kujua, kuua askari na mwizi kwa risasi moja. Mwembe waonyesha jambo hili kwa uwazi. Inzi wa matunda aliyeenea Afrika ya Mashariki tangu mwaka 2003, alipogunduliwa Kenya na Tanzania, ni mgeni kutoka Asia. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Mabuu hukulia katika nyama ya tunda, na wakishakua hutoka, wakaanguka, wakajichimbia udongoni, na huko hujifunga ndani ya gamba dogo mfano wa punje ya nafaka mpaka waote mabawa. Basi mnyunyizaji anyunyiziapo ganda la embe lililokwisha kutobolewa, sumu yake haimfikii aliye ndani. Huwafikia walio nje: nyuki aliyekuja kwenye maua ya mti wa jirani, nyigu wadogo, buibui, na sisimizi ambao wangemla buu akiwa njiani kwenda udongoni. Mwenye mti ametoa fedha, ameua walinzi wake, na mwizi yu salama chumbani.

Watu husema juu ya usalama na ufanisi kama kwamba ni wake wenza, ambao kila mmoja hunenepa mwenziwe akikonda. Mfano huu waonyesha ya kuwa sivyo siku zote. Jambo limkomeshalo inzi huyu vizuri ni la kawaida mno hata halina heshima: kuokota maembe yaliyoanguka, kila siku au kila siku mbili, na kuyafukia katika shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, au kuyafunga katika mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani mpaka mabuu wafe. Tena ipo mitego yenye harufu iwavutayo madume, na chambo kinachotiwa sumu kidogo na kuwekwa mahali pamoja pa mti, badala ya kuuosha mti mzima. Kituo cha elimu ya wadudu kiitwacho ICIPE, ambacho Profesa Thomas Odhiambo alikianzisha Nairobi mwaka 1970, kimekwenda mbele zaidi kwa kuleta nyigu wadogo ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai ya inzi. Katika njia hizi sumu haikukataliwa kabisa. Imewekwa mahali pake, kama moto wekwavyo mekoni na si katika paa.

Mpapai na maua ya barazani vyahitaji macho mengine. Utando mweupe chini ya jani ni vidung'ata, wadudu wanyonyao utomvu na kujifunika kwa nta. Wanaojikunjia katika majani ya maua ni vidukari. Wote wana miili laini, nao hufa kwa maji ya sabuni yaliyopakwa chini ya jani kwa kitambaa, jioni jua linapokuwa limepungua, baada ya kujaribu kwanza katika jani moja ili kuona kama mmea wavumilia. Mkebe wa maua hauhitaji zaidi ya hayo, na kuuletea sumu ya shamba ndani ya nyumba ni kumpiga mbu kwa mchi. Lakini mtazamaji mzuri ataona jambo jingine: sisimizi wapandao na kushuka shina. Hao huwalinda vidung'ata kwa sababu huramba maji yao matamu, kama mfugaji alindavyo ng'ombe wa maziwa. Basi katika mpapai sisimizi ni mshirika wa adui. Je, auawe kila aonekanapo? Katika minazi ya Unguja chungu waitwao maji moto wamejulikana tangu uchunguzi wa M. J. Way katika miaka ya 1950 kuwa walinzi wa nazi changa dhidi ya mdudu mmoja azinyonyaye; na nchini China wakulima wa machungwa walikuwa wakinunua viota vya chungu wa jamaa hiyo kwa ajili ya miti yao zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Jamaa moja ya viumbe, hapa walinzi na pale washirika wa mwizi. Hakuna neno wala chupa inayoweza kumfanyia mtu kazi ya kutazama.

Wapo waliochoshwa na chupa wakakimbilia neno jingine, nalo ni asili. Husema: tumia vitu vya asili, havina madhara. Neno hili nalo lahitaji kukaguliwa mlangoni. Mwarobaini hakika ni rafiki. Mbegu zake zina kitu kimfanyacho mdudu asile na asiweze kujivua gamba akue, tena hauui nyuki kwa wingi kama sumu nyingi za dukani. Lakini tumbaku ni ya asili, na maji yake ni sumu iwezayo kumwua mtu. Pareto, ua jeupe lilimwalo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, huharibika upesi juani na kwa sababu hiyo lasifiwa, ila likiingia majini huua samaki. Utupa ni wa asili kupita kiasi: ni kichaka tu, na wavuvi wamekitumia tangu zamani kulevya samaki mitoni, kwa kuwa ndani yake mna sumu ambayo samaki hawaiwezi. Aliyenyunyizia maharage yake maji ya utupa kando ya kijito, akamwaga masalio kijitoni, ametenda lile lile atendalo mwenye chupa. Wema wa sumu hauko katika ukoo wake.

Baada ya kusema haya yote, ingekuwa dhuluma kumhubiria subira mtu mwenye njaa. Mwenye shamba ana hoja, nayo yastahili kusikilizwa hata mwisho. Yeye husema kwamba wahurumiao wadudu aghalabu wana mshahara, ilhali yeye ana msimu mmoja tu. Kwamba aliyeona mahindi yake yakitobolewa na viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, hana nafasi ya kusoma tabia za nyigu. Kwamba kutokuua nako kuna maiti zake. Hoja hii haijibiki kwa huruma. Na kati ya mahali pote katika Tanzania, bonde la Rukwa ndilo lenye ushahidi mkubwa wa kuiunga mkono.

Mbuga zilizo kando ya ziwa Rukwa ni mojawapo ya makao machache ya kudumu ya nzige wekundu. Maji ya ziwa hupanda na kushuka mwaka hata mwaka, mbuga hufurika na kukauka, na katika mabadiliko hayo nzige hupata udongo wa kutagia na nyasi za kula. Wakiwa wachache, kila mmoja huishi peke yake kama panzi yeyote, wala hawamdhuru mtu. Wakisongamana hubadilika tabia na hata rangi, huwa kundi, na kundi huhama. Kati ya mwaka 1930 na 1944 makundi ya nzige hawa yalienea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Ikweta. Uchunguzi ulionyesha kuwa baa kubwa namna hiyo huzaliwa mahali pachache, na Rukwa ni mojawapo, pamoja na Mweru wa Ntipa katika nchi iitwayo leo Zambia. Mwaka 1949 serikali mbalimbali zilifanya mkataba wa kuunda shirika la kimataifa la kuwazuia nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Ufipa. Mmoja wa wanasayansi wake, Desmond Vesey-FitzGerald, alizichunguza mbuga hizi nyasi kwa nyasi, na maandishi yake juu ya mimea na wanyama wa Rukwa yangali yasomwa.

Je, mtu wa Muze angekuwa na haki ya kusema: waacheni nzige wa mbugani, maana hawajafika shambani kwangu? Hangekuwa nayo. Nzige anayezaliwa Rukwa aweza kumla mkulima wa Malawi au wa Zambia ambaye hakuulizwa. Kuacha kuua, hapa, kungekuwa kumwua mwingine kwa njaa, na mikono mitupu isingekuwa mikono safi. Hivyo ule msemo mwepesi wa kwamba kila kiumbe kiachwe kama kilivyo hauwezi kuvuka bonde hili.

Walakini haki ya kuua si haki ya kuua kwa kila njia. Katika vita vya nzige vya miaka ya 1950 na iliyofuata, silaha zilizotumika barani Afrika zilikuwa sumu kama dieldrin na BHC. Zilisifiwa kwa kuwa hazikuchakaa upesi; ukanda ulionyunyiziwa uliendelea kuua tunutu waliopita hapo siku nyingi baadaye. Sifa hiyo ndiyo ilikuja kuwa hatia yake. Kitu kisichochakaa hakijui wakati vita vimekwisha. Hukaa udongoni, huingia katika mafuta ya samaki, ya ndege na ya mwanadamu, na hupitishwa kutoka kinywa hata kinywa. Dieldrin ilikuwa miongoni mwa sumu kumi na mbili za kwanza zilizopigwa marufuku au kufungiwa na mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, pamoja na DDT, ambayo miaka hamsini na mitatu kabla yake ilimpatia Paul Müller tuzo ya Nobel. Aliyepewa tuzo hakuwa mwovu, wala waliompa hawakuwa wapumbavu. Waliuliza kama yaua, wakajibiwa kuwa yaua. Swali la nani atabaki nayo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha.

Mwaka 2009 nzige waliongezeka tena katika magharibi ya Tanzania. Safari hii shirika la nzige wekundu, ambalo sasa lina makao yake Ndola, Zambia, likisaidiana na FAO, lilinyunyizia kwa ndege kuvu iitwayo Metarhizium acridum katika mbuga za Iku huko Katavi, mbuga za ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, eneo la hekta 10,000 hivi. Kuvu hiyo huwashika nzige na panzi, haimgusi samaki, ndege wala nyuki. Baa lilizuiwa. Ila kuvu ina tabia moja isiyopendwa na mtu mwenye hofu: huua polepole. Nzige aliyeshikwa huendelea kuishi wiki moja, hata mbili au tatu, akidhoofika, akipunguza kula, akiwa windo rahisi la ndege. Anayetazama kesho yake asubuhi huona nzige bado wanatembea na husema kazi imeharibika. Ili kuitumia sumu pole, mtu hana budi kuanza mapema, nzige wakiwa bado mbugani. Na ili kuanza mapema, lazima awepo mtu aliyekwenda kuwahesabu wakati hakuna anayewaogopa. Ukali wa sumu mara nyingi ni malipo ya uchelewaji. Hili ni kweli kwa hekta 10,000, na ni kweli kwa mkebe wa maua.

Kuna jambo moja la nchi ambalo lampa mtu wa Muze sababu ya kufikiri kuliko mtu wa pwani. Maji ya bahari hayajulikani mwisho wake, kwa hiyo mtu wa pwani aweza kujidanganya kwamba alichokimwaga kimekwenda. Ziwa Rukwa halina mto utokao. Momba, Songwe, Rungwa, Kavuu na vijito vyote vishukavyo gengeni kutoka Ufipa huingia, na hakuna hata kimoja kitokacho ila kwa mvuke. Na mvuke hauchukui sumu yote. Kinachotupwa Muze hakitupwi, chahamishwa kutoka uani hadi ziwani, ambako wamo magege ambao jamaa yao haikuzaliwa penginepo duniani, na ambako wavuvi hutupa nyavu zao. Anayenyunyizia mahindi huko juu katika matuta ya Ufipa hawezi kumwona anayeteka maji bondeni, wala hajui jina lake. Katika maadili ya kawaida mtu hujibu kwa jirani anayemwona. Bonde hili lataka ajibu kwa jirani aliye mita 1,000 chini ya miguu yake.

Wala kosa la kutojua mahali pa kutupa si la wanakijiji peke yao. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu ipatayo tani 170, ambayo sehemu yake ilikuwa imepitwa na wakati, ilitolewa kama msaada kutoka Ugiriki na kuwekwa katika shamba la Vikuge, wilaya ya Kibaha. Ghala liliporomoka, sumu ikaachwa kwa mvua na jua, na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliikuta katika udongo na majani ya shamba miaka mingi baadaye. Ilikuwa zawadi, na zawadi hupokewa kwa mikono miwili. Hapa tena neno lilitangulia macho.

Basi mwanamke wa Muze afanye nini na chupa ya soda iliyokwisha kuletwa na mtoto? Kanuni za chombo chenye lebo hazimsaidii, kwa kuwa lebo imebaki dukani kwenye chupa kubwa: ule mstari wa rangi uonyeshao ukali, nyekundu ikiwa kali kuliko zote, kisha njano, buluu na kijani, jina la sumu, idadi ya siku za kungoja kabla tunda halijaliwa, na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Sumu isiyo na lebo haichaguliki, maana kuchagua ni kujua. Jibu la kwanza, kwa hiyo, ni kuirudisha, hata kama fedha haitarudi. Fedha iliyopotea namna hiyo ni ada ya shule, na kuna shule ghali zaidi ya hiyo.

Jibu la pili lamtaka achimbe shimo. Hapo atakuta ugumu ambao hakuna chupa iliyomwandaa nao. Ataokota maembe yake kila asubuhi, atayafukia, na baada ya wiki tatu inzi watakuwa wangali wapo, kwa sababu mwembe wa jirani u hatua kumi upande wa pili wa ua, na chini yake maembe yaoza bila kuokotwa. Inzi hajui mpaka wa kiwanja kama nzige asivyojua mpaka wa Zambia. Atalazimika kwenda kuzungumza. Jirani ni mtu mzima kuliko yeye, ameketi kivulini akisuka ukili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

Ataeleza shida yake kwa adabu, akianza na habari za watoto na za mvua kabla ya kufika kwenye inzi. Mzee atamsikiliza. Kisha atasema kwamba maembe ya kuanguka ni ya mbuzi na ya watoto tangu zamani, na kwamba inzi hao si yeye aliyewaleta.

"Najua, baba. Hata wangu sikuwaleta mimi. Nimekuja kuomba tuchimbe shimo moja, la miti yote miwili. Wanangu wataokota huku na kule."

Mzee atautazama mwembe wake, atatazama ua, ataweka ukili chini.

"Shimo lenyewe," atauliza, "litakuwa upande wa nani?"